Kuhamisha bogenvilia iliyobanwa kwenye ndoo ya lita 20

Mkazi wa Capri Point

Habari za leo, ndugu zangu. Nyumbani kwangu Capri Point, Mwanza, ukichimba shubiri moja unagonga jiwe, hivyo mimea yangu yote iko kwenye vyombo. Nina bogenvilia ya zambarau niliyoipanda kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20, na sasa imetambaa juu ya vyuma vya kibaraza chote. Tangu masika yaishe, maji ninayomwagilia yanatoka chini papo hapo, majani ya chini yanageuka manjano, na mizizi iliyotokeza kwenye matundu ya ndoo imeingia kwenye ufa wa mwamba. Nimepata pipa la plastiki lililokatwa nusu, lenye ujazo wa lita 100 hivi. Je, niihamishie humo sasa, mwezi huu wa Juni, au nisubiri vuli? Je, mizizi iliyojizungusha niifumue kama wengi wanavyoshauri kwa mimea mingine? Na udongo uwe wa namna gani?

Mwenye kitalu, Buswelu

Ndugu, mizizi imejaa ndoo kiasi kwamba udongo uliobaki ni kidogo sana, ndiyo maana maji yanateleza pembeni bila kulowesha katikati. Hata hivyo nakusihi usiifumue. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika upesi, na mmea ulioparuliwa mizizi huweza kupukutisha majani yote, pengine ukafa kabisa. Mwagilia siku moja kabla ili donge la mizizi na udongo lishikamane, kata kwa kisu kikali ile mizizi iliyoingia kwenye ufa, kisha ipasue ndoo yenyewe pande mbili, kutoka mdomoni hadi kitako, uibandue kama unavyomenya ndizi. Usishike shina ukavuta. Ndoo ni gharama ndogo kuliko mmea.

Pipa lako ni kubwa mno kwa sasa. Udongo mwingi usiofikiwa na mizizi hubaki na unyevu muda mrefu, na bogenvilia huvumilia kiu kuliko inavyovumilia tope. Tafuta chombo kinachozidi ndoo kwa vidole vitatu hivi kila upande. Ukijaze luseni, yaani udongo wa kichanga, mafungu mawili, samadi iliyooza vizuri fungu moja, na pumba za mpunga zilizochomwa fungu moja. Udongo mweusi wa mbuga uuache kabisa, kwa sababu ukilowa unavimba na ukikauka unapasuka, na nyufa hizo hukata mizizi.

Kuhusu wakati, mimi ningesubiri mwisho wa Septemba, ili mmea uanze kuchipua na vuli iupokee. Kwa sasa mwagilia kwa mikupuo midogo miwili au mitatu, ukiacha dakika kadhaa kati yake, ili maji yapate kupenya katikati ya donge.

Mstaafu wa Nyegezi

Naafiki kuhusu mizizi, ila mimi nisingengoja Septemba ikiwa majani yanazidi kunyauka; ningehamisha jioni na kuuweka mmea kivulini wiki mbili. Kabla ya hapo pogoa theluthi moja ya matawi, kwani mizizi iliyopunguzwa haiwezi kulisha kichaka chote. Usiogope kupoteza maua, kwa maana bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya. Chini ya chombo weka kokoto, unene wa vidole vinne, maji yapate kutoka.

Mwenye kitalu, Buswelu

Shikamoo mzee wangu. Kwenye kokoto naomba tutofautiane. Maji yaliyomo kwenye udongo laini hayashuki kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba, kwa hiyo tabaka lile linausogeza unyevu karibu na mizizi badala ya kuuondoa. Kigae kimoja juu ya kila tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike, na chombo kiinuliwe juu ya matofali ili maji yatoke na mizizi isirudi tena kwenye mwamba. Kivuli cha wiki mbili nakikubali, hata kama kazi itafanyika Septemba.

Mkazi wa Capri Point

Marahaba kwa niaba ya mzee, naye nampa shikamoo yangu. Nitasubiri Septemba, isipokuwa hali ikizidi kuwa mbaya. Limebaki moja: nitaitoaje kwenye vyuma bila kuivunja, na mbolea niweke lini?

Mstaafu wa Nyegezi

Marahaba. Bogenvilia haina vikonyo vya kujisokota, huegemea na kujishikiza kwa miiba tu, kwa hiyo ukikata kamba na kupogoa kwanza, matawi yaliyobaki yatatoka bila shida. Yafunge pamoja kwa gunia, vinginevyo miiba itakuchana mikono. Ukiyarudisha, tumia vipande vya kanga chakavu na uvilegeze kidogo; waya hukata gome shina linaponenepa, na pepo za ziwani humalizia kazi. Mbolea ingoje hadi uone machipukizi mapya. Usiizidishe urea, maana utapata majani mengi ya kijani na rangi kidogo.

Mwenye kitalu, Buswelu

Na ulipande donge kwa kina kilekile lilichokuwa nacho kwenye ndoo, bila kulifukia shina.