Mnamsainisha mtoto wa miaka 16 pikipiki ya mkataba, halafu mnakuja kubeba cherehani ya mama yake?

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Nikikosea herufi mtanisamehe.

Dada yangu anaishi Nkuhungu, hapahapa Dodoma. Ni fundi cherehani, mumewe alishatangulia mbele za haki. Juzi jioni wamemjia vijana wawili wa ofisi moja inayotoa pikipiki za mkataba, wakakaa barazani bila kukaribishwa, wakaipiga picha cherehani. "Mama, Jumatatu tunakuja na gari." Wanadai 2,420,000.

Iko hivi. Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba. Akiwa na miaka 16 na miezi kumi akapewa pikipiki: hesabu 10,000 kila siku kwa siku 390, ndipo kadi iwe yake. Dogo akakomaa. Amepeleka hesabu siku 148, risiti zote anazo, amezifunga na mpira kwenye kopo la maziwa. Mwezi uliopita usiku akapaki Nzuguni, akaingia kununua chipsi, kutoka hakuna pikipiki. Akaenda polisi, RB anayo. Kesho yake ofisi ikaanza kumpigia simu mama.

Mkataba wenyewe nimeusoma mara nne. Kurasa mbili, fotokopi iliyofifia. Jina, namba ya simu na mtaa vimejazwa kwa wino wa bluu, mwandiko ni wa mpwa wangu. Kwenye umri pameandikwa 19, kwa wino mweusi na mwandiko wa mtu mwingine. Penye namba ya NIDA wamepiga mstari. Sasa wewe unamkabidhi mtu chombo cha karibu milioni nne, hana namba ya NIDA, na wala hushtuki? Na aliyemwandikisha anakaa mtaa uleule, alikuwa anamwona akipita na sare za shule!

Nikawauliza wale vijana kama wanaijua Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mmoja akacheka: "Mzee, huo una muhuri wa serikali ya mtaa." Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Tangu lini muhuri unamwongezea mtoto umri? Kifungu cha 10 kinataka wanaokubaliana wawe na uwezo kisheria, na lengo la makubaliano liwe halali. Kifungu cha 11 kinasema mwenye uwezo ni aliyefikia umri wa utu uzima na mwenye akili timamu, na hapa kwetu umri huo ni miaka 18. Makubaliano ya asiye na uwezo huo ni batili. Si kwamba yanasubiri mtu ayatengue, ni batili toka siku yaliposainiwa.

Na si jambo jipya. Sheria yetu ilichukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka ile ya India ya mwaka 1872. Mwaka 1903, Baraza la Mfalme kule London, lililokuwa likisikiliza rufaa za mwisho za makoloni, liliamua kesi ya kijana wa Kolkata, Dharmodas Ghose. Alikuwa hajafikia umri, akaweka nyumba rehani kwa mkopeshaji, na wakala wa mkopeshaji alishaambiwa kwamba huyu bado mdogo. Rehani ikatamkwa batili, na mkopeshaji hakurudishiwa hela yake. Wakala anajua umri na bado anasainisha! Miaka mia na zaidi imepita, leo tunayarudia Nkuhungu.

Kuna kipengele kingine kimenichekesha kwa uchungu: "Dereva asiye na leseni akikamatwa ni juu yake." Yaani wamekiri kwa maandishi yao kwamba walijua wanamtuma mtu asiye na leseni abebe abiria. Kwa akili yangu, hata angekuwa na miaka 40, hapo bado kuna swali la uhalali, maana kifungu cha 23 hakikubali makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria.

Tuje kwa mama. Alisaini wapi? Penye neno SHAHIDI. Hakuna mahali alipoandika kwamba mwanaye akishindwa atalipa yeye. Shahidi ameshuhudia sahihi, basi. Kumgeuza mdhamini kwa sababu tu ana cherehani ya kubebeka ni uhuni.

Sisemi kijana ni malaika. Nimembana, amekiri kwamba alipoulizwa kama amefikisha 18 alijibu "ndiyo". Nimemgombeza vya kutosha. Na mimi mwenyewe nina bajaji ya mkataba pale Sabasaba, uchungu wa chombo kupotea naujua. Ila kijana anayeiendesha nilimwomba kitambulisho kabla sijamwonyesha funguo.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Anayeuliza mbona mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kufanya kazi: ndiyo, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi isiyomdhuru. Kufanya kazi nyepesi na kubeba deni la milioni nne ni vitu viwili tofauti. Anayesema pikipiki ni hitaji la lazima la kijana: sheria inamlinda aliyempa asiye na uwezo mahitaji yanayolingana na maisha yake, lakini analipwa kutoka kwenye mali ya huyo mtoto. Mali ya mpwa wangu ni ndala, simu yenye kioo kilichopasuka na lile kopo la risiti. Cherehani ni ya mama yake.

Ninachotaka humu ni mtu anayemjua msaidizi wa kisheria wa kuaminika hapa mjini, aniandikie inbox leo. Cheti cha kuzaliwa ninacho mkononi, nakala ya mkataba ninayo.

Cherehani nimeshaihamishia kwangu tangu jana usiku. Hiyo Jumatatu wakija waje na amri ya mahakama. Chai nitawapa.