Mrejesho: kichocheo cha oksidi ya magnesi kilichokuwa kikichoka

Wakuu, niliuliza kwa nini chembe zangu za nano (ndogo mno) za oksidi ya magnesi, ambazo ni kichocheo, yaani huharakisha mmenyuko bila zenyewe kutumika, zilichochea vizuri mmenyuko wa kemikali mbili, benzaldehidi na malononitrili, zikiwa mpya, kisha zikazidi kulegea zikikaa kabatini. Mlioshuku hewa mlipatia. Uso wa chembe hizo ni wa kibesi (kinyume cha asidi), tena ni mpana mno kwa uzito mdogo, hivyo unyevu na kaboni dioksidi huung'ang'ania na kuugeuza haidroksidi na kabonati.

Nimeuchoma unga upya kwa 500 °C, nikaupoza ndani ya desiketa (chombo kilichofungwa chenye kikausha unyevu) na kuutumia hapo hapo. Mavuno ya zao la mmenyuko yamepanda, na fuwele za zao hilo zinayeyuka kwa 83–84 °C, dalili kwamba ni safi kabisa.

Kilichonifurahisha zaidi ni lile jaribio la kuchuja: nilikiondoa kichocheo mmenyuko ukiwa katikati, myeyusho ungali moto, na ubadilikaji ukasimama. Kwa hiyo kazi inafanyika juu ya chembe zenyewe, si kwa magnesi iliyoyeyuka.

Kuzitenganisha bado natumia sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), maana karatasi ya kuchujia huzipitisha nyingine. Aliyependekeza chembe ziwe na kiini cha magnetiti (oksidi ya chuma yenye usumaku) ili zivutwe kwa sumaku, shukrani sana. Ndicho ninachoandaa sasa.