Muda wa kusoma Neno naupata wapi?

Swali: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nauza chapati na maharage stendi, naamka saa kumi alfajiri kukanda unga. Jioni nasinzia Biblia ikiwa mkononi. Nifanyeje?

Jibu: Amina dada. Usingoje jioni. Donge likipumzika chini ya kitambaa kabla hujakata matonge, soma zaburi moja. Anza na ya 90, Musa anapoomba tujulishwe kuhesabu siku zetu. Fupi, lakini utaitafuna mpaka saa ya kufunga biashara.

Jibu: Na usingizi usiuonee haya, mpendwa. Zaburi 127 inasema Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Lala mapema!

Muuliza swali: Mbarikiwe sana. Kesho naanza. Biblia nitaifunga kwenye kanga isishike mafuta.