Mafuta mepesi ya uso: alizeti, jojoba, ubuyu au nazi?

Binti_Mbezi: Wapendwa, habari za leo. Uso wangu ni mchanganyiko: paji na pua vinatoa mafuta, mashavu yanapauka na kukaza kila nikinawa. Krimu nzito zinaniletea chunusi. Nyumbani kuna mafuta ya nazi, dukani nimeona ya ubuyu na jojoba (bei yake, jamani!). Mngeanza na yapi?

Shangazi_Mvita: Nazi iache kwa nywele na miguu, mwanangu. Mimi najipaka mwilini tangu utotoni, ila usoni hapana. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki (moja ya asidi zinazounda mafuta), na wenye chunusi wengi huzibwa vitundu vya ngozi.

Mkaka_Makambako: Huku kwetu kipupwe nazi inaganda chupani, maana chini ya nyuzijoto 24 hivi haimiminiki tena. Mimi ngozi yangu ni kavu kwelikweli, natumia ubuyu usiku. Unakawia kidogo kuingia, lakini asubuhi uso haujapauka. Kwa ngozi ya mafuta nisingeushauri mchana, hasa kwa joto la Dar.

Mkamuaji_Singida: Alizeti mnaisahau kwa sababu mmeizoea jikoni! Nakamua mwenyewe, kwa hiyo mjue navutia kwangu. Ila hoja ipo: alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na ngozi huitumia kujenga ukuta wake wa nje. Ni mepesi, ni rahisi. Tafuta yaliyokamuliwa bila moto na kuchujwa vizuri, si yale ya kukaangia. Ubaya wake yanachacha upesi. Yakinuka kama karanga za zamani, mwaga.

Dada_Famasi: Jojoba kwa kweli ni nta iliyo kimiminika, ndiyo maana inakaa muda mrefu bila kuchacha. Muundo wake unakaribiana na sehemu ya mafuta ambayo ngozi yenyewe hutoa, kwa hiyo wenye ngozi ya mafuta wengi huivumilia. Lakini yoyote utakayochagua, mafuta hayaleti maji, yanazuia yaliyopo yasitoke. Paka matone 2 au 3 ngozi ikiwa bado na unyevu. Mchana krimu ya kukinga jua iko palepale, mafuta hayachukui nafasi yake.

Swali moja, mdogo wangu: hizo chunusi zinawasha? Vipele vidogo vya saizi moja vinavyowasha pajini huenda ni fangasi, na hao hula asidi za mafuta. Alizeti, ubuyu, hata mlonge, vyote utakuwa unawalisha. Hapo muone daktari wa ngozi kwanza.

Shangazi_Mvita: Na chupa isiyo na lebo inayoahidi "kung'arisha" ikimbie. Zebaki na haidrokwinoni (vya kuchubua rangi ya ngozi) vimepigwa marufuku kwenye vipodozi, Kenya na Tanzania, lakini mkorogo bado unauzwa kwa jina la mafuta ya asili.

Binti_Mbezi: Haviwashi, dada, vina vichwa vyeupe na vinakuja vichache vichache. Basi naanza na alizeti, mashavuni tu, paji naliacha. Kaka wa Singida, unatuma Dar?

Mkamuaji_Singida: Natuma kwa basi. Ila usiagize lita, mililita 50 zinakutosha. Zikifika, jaribu kwanza nyuma ya sikio siku mbili tatu.