Naomba ushauri: nimshukuru vipi mjomba aliyenilea?

Habari zenu wakuu. Siku ya Baba, ambayo nchi nyingi huiadhimisha Jumapili ya tatu ya Juni, nataka kumshukuru mjomba aliyenilea baada ya baba kufariki. Tatizo hapendi kusifiwa. Ukianza tu, anakumbuka ana kazi nje. Zawadi ndiyo usiseme, saa niliyompa bado iko kabatini na karatasi yake.

Nimewaza kumwandikia barua ya ninayoyakumbuka: alivyokimbia nyuma ya baiskeli nikijifunza, alivyosaini ripoti zangu mbaya za shule bila kugomba. Nimsomee mwenyewe au nimwachie asome peke yake? Na marehemu baba nimtaje humo humo, au ataona nawalinganisha? Mliopitia hili, naombeni mawazo.