Naomba ushauri: sili ya pinioni imevuja tena

Wakuu, habari za kazi. Nina Hilux ya mizigo, Busia hadi Jinja. Sili ya pinioni (mpira unaozuia oili isitoke pale shafti ya pinioni inapoingia) kwenye difu ya nyuma, yaani boksi la gia la ekseli, ilivuja, fundi akaweka mpya. Wiki mbili tu, oili imerudi, imerushwa hadi chini ya bodi na vumbi limegandia pale. Tundu la kupumulia la difu halijaziba, nimehakikisha. Nimevua flanji (kipande kinachounganisha propela na pinioni) mwenyewe: mdomo wa sili unapokaa kuna mfereji, ukucha unakwama kabisa.

Nati inayoshika flanji niliitia alama kabla ya kufungua, maana naogopa kuikaza mno nikaziua bea (beringi) za pinioni. Je, flanji nibadilishe, au sili ikikaa mbele kidogo itashika? Na nati nikiirudisha kwenye alama inatosha, au lazima spesa mpya (bomba fupi kati ya bea, linalobonyea nati ikikazwa)? Gari bado liko juu ya mawe.