Albamu nzima ya nyimbo za watu wengine: kazi au mapumziko?

Wadau, naomba tubishane kidogo. Mimi ni shabiki wa siku nyingi wa Bruce Springsteen, mwanamuziki wa rock wa Marekani, lakini albamu yake ya 2022, Only the Strong Survive, hadi leo haijanikaa sawa. Nyimbo 15, nyingi za soul ya zamani (muziki wa Wamarekani weusi), na hakuna hata moja aliyoitunga yeye. Sauti imo, tena imetulia kwa mtu aliyekuwa na miaka 73. Ila kila nikimaliza kusikiliza "Nightshift" yake, najikuta natafuta ile ya kwanza, ya kundi la Commodores, ya 1985.

Simo katika kundi la wanaosema kurudia wimbo ni uvivu. "Respect" ilikuwa ya Otis Redding, 1965, mwanamume akidai heshima arudipo nyumbani. Aretha Franklin akaichukua 1967, akaongeza kile kipande cha kutaja herufi moja moja, na dai likawa la mwanamke. Mwaka 2018 Angélique Kidjo alirudia albamu nzima ya Talking Heads, kundi la rock la Marekani, Remain in Light ya 1980. Wale jamaa walikuwa wamechota kwa Fela Kuti, mwanamuziki wa Afrobeat wa Nigeria. Kidjo akamwita Tony Allen, mpiga ngoma wa Fela mwenyewe, akaurudisha muziki ulikochotwa. Kwangu huo ni utunzi, hata kama mashairi ni ya wengine.

Wanaosema mtunzi ananyonywa nao siwaungi mkono. Mrabaha wa utunzi humfuata mwenye haki za wimbo, hata akiimba nani. Elvis alipotaka kuuimba "I Will Always Love You", Dolly Parton aliyeutunga aligoma kumpa meneja wake nusu ya haki. Whitney Houston alipouimba 1992, Dolly akavuna. (Balaa huanza pale mtunzi anapogombaniwa. Waulizeni wanaofuatilia mvutano wa "Malaika".)

Ninachomlaumu Springsteen ni woga. Mwaka 2006 huyu huyu alichukua nyimbo za jadi za Marekani zilizovumishwa na mwimbaji Pete Seeger, akakusanya kundi kubwa lenye fidla, banjo na matarumbeta, wakazipiga kama watu waliovamia harusi. Safari hii mpangilio wa ala unazifuata rekodi za kwanza kwa karibu mno. Kaziheshimu hadi kaogopa kuzigusa.

Najua jibu linalokuja: mzee kaamua tu kuimba nyimbo alizokua nazo, unamdai nini? Hoja hiyo inanipa tabu, maana ni kweli hanidai wala simdai. Tena wapo vijana waliomjua Frank Wilson, mwimbaji wa soul ambaye wimbo wake umo katika albamu hii, kupitia kwake, na hilo si dogo. Lakini furaha ya mwimbaji ni kitu kimoja, na sababu ya mimi kuirudia albamu ni kitu kingine.

Basi anayeitetea anitajie wimbo mmoja tu kati ya hizo 15 ambao Springsteen kaubadilisha. Sisemi aliouimba vizuri. Kaubadilisha.